Bodi mpya, diski iliyogoma: kisa cha laptopu ya ofisi ya forodha Mombasa

Laptopu ilipelekwa kwa fundi kwa sababu ya tundu la chaja. Ni kazi ambayo kwa kawaida humalizika siku hiyo hiyo. Karibu wiki tatu baadaye ofisi ilikuwa haijafungua faili hata moja, na diski ilikuwa nzima, bodi, yaani ubao mkuu wa mashine, ilikuwa nzima, nywila ilikuwa kichwani mwa mwenye mashine. Kilichowafungia nje ni kufuli lililowekwa kwa ajili ya wezi, na katika kisa hiki mwizi hayumo kabisa.

Ofisi tunayoizungumzia ni ya mfano. Ichukulie kuwa mojawapo ya zile ofisi ndogo za uwakala wa forodha kwenye ghorofa za Moi Avenue: watu wanne, kompyuta tatu, printa moja, na wateja wanaopiga simu kutwa kuuliza kontena lao limefikia wapi. Hatua za kiufundi si za kubuni. Ndivyo mashine za aina hii zinavyofanya kazi, na ndivyo zinavyogoma.

Mashine yenyewe

Ilikuwa laptopu ya ex-UK, iliyokwisha kutumika Uingereza, yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Ilinunuliwa mwanzoni mwa 2025. Kizazi hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Kwa mashine za Intel, Windows 11 huanza kukubali rasmi kuanzia karibu kizazi cha 8, tena bodi iwe na TPM 2.0, sehemu ya bodi inayotunza funguo za siri. Windows 10 ilikuwa imepangiwa kukatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo maneno "hii inakula 11" yalitosha kumaliza mjadala wa bei dukani.

Muuzaji aliifuta diski, akaingiza Windows 11 toleo la 24H2 kutoka kwenye flashi. Katika hatua za mwanzo mashine ikadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Toleo la Home limekuwa likidai hivyo tangu Windows 11 itoke 2021, na toleo la Pro likafuata kuanzia 22H2. Sasa fikiria mtu mwenye mashine kumi na mbili mezani na hana mteja hata mmoja mbele yake. Anafanya nini? Anatumia barua pepe ya duka kwenye zote. Kisha anafungua akaunti ya pili ya ndani, yenye mamlaka ya msimamizi, anaipa jina la mteja akija, na akaunti ya duka anaiondoa. Mteja anaondoka na nywila aliyoichagua mwenyewe, akijua ndiyo pekee.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na hakuna aliyeona. Kabla ya 24H2, usimbaji wa diski wa moja kwa moja (data kugeuzwa isisomeke bila ufunguo) ulikuwa ukiwaka tu kwenye mashine zilizotimiza masharti fulani ya maunzi ambayo laptopu nyingi za kampuni zilizostaafu hazikuyatimiza. Toleo la 24H2 liliyalegeza. Mashine yenye TPM na Secure Boot (ukaguzi wa programu zinazoiwasha mashine), ikiingizwa Windows upya kutoka mwanzo, inaanza kusimba diski yenyewe. Msimamizi wa kwanza akiingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo wa dharura unapandishwa kwenye akaunti hiyo na ulinzi unawaka. Swali haliulizwi. Aliyepandisha toleo kutoka 23H2 hakuguswa na jambo hili. Aliyeanza upya ameguswa. Ndiyo maana unaweza kukuta laptopu mbili za aina moja kwenye meza moja, moja imesimbwa na nyingine haikusimbwa, na mwenye nazo hana habari ya zote mbili.

Kufuli linavyofunga

Data kwenye diski imesimbwa kwa AES, njia maarufu ya kusimba. Ufunguo unaoifungua umefichwa kwenye diski hiyo hiyo, umefungwa kwa njia mbili, na yoyote kati ya hizo inatosha. Njia ya kwanza ni TPM iliyo kwenye bodi. Kwenye Intel nyingi za umri huu si kichipu cha peke yake. Ni sehemu ya chipu kuu iitwayo PTT. Kila mashine inapowaka, TPM hupima jinsi ilivyowaka, hasa hali ya Secure Boot na vyeti vyake. Kipimo kikilingana na kile cha siku ya kufunga, inauachia ufunguo kimyakimya na Windows inafunguka. Kisipolingana, haisemi kitu, na skrini ya buluu inakuja kudai njia ya pili.

Njia ya pili ni namba za tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu 6. Kila fungu lazima ligawanyike kwa 11, kwa hiyo ukikosea kuandika kosa hujulikana mapema. Lakini usidhani kigawanyo hicho kinakupunguzia kazi ya kubahatisha. Kila fungu bado lina uwezekano 65,536, na mafungu ni manane. Anayekuambia ana programu ya kuzitafuta anakuuzia upepo.

Nywila ya Windows haimo katika njia zote mbili. Inakuja baadaye, mlango wa ndani, wakati wa nje umeshafunguka.

Siku ya bodi

Ilikuwa msimu wa masika. Hewa ya pwani inajulikana kwa kuharibu vifaa vya umeme: chumvi na unyevu hukaa kwenye pini za tundu la chaja, kutu ya kijani inaanza, mguso unalegea na cheche zinaruka. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, laptopu ikanyamaza. Fundi akapima kwa multimita akakuta njia ya volti 19 imegusana na ardhi, na MOSFET (swichi ndogo ya umeme) ya kuingizia chaji imeungua. Kuitafuta shoti na kubadilisha vipande kungekula siku mbili. Bodi iliyotumika ya modeli ile ile ilikuwapo duka la pili. Mteja alikuwa na haraka. Wakakubaliana bodi, na fundi akapunguza bei kwa sharti la kawaida: bodi mbovu inabaki kwake.

Sharti hilo lina mantiki yake. Bodi zilizokufa ndizo ghala la spea la mji huu. Chipu ya chaji, soketi na koili vya mashine moja vinafufua nyingine. Tatizo ni kwamba kwenye laptopu nyembamba prosesa imechomelewa kwenye bodi. Aliyebadilisha bodi amebadilisha prosesa, BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) na TPM kwa mkupuo mmoja. Njia ya kwanza ya kufungulia diski ilikuwa imetupwa kwenye kisanduku cha vyuma chakavu kabla njia ya pili haijaulizwa iko kwa nani.

Diski ikahamishwa, skrubu zikafungwa, mashine ikawashwa. Buluu.

"Fundi, hii namba ndefu naitoa wapi?"

"Mzee, hiyo ni ya kwako wewe. Mimi sikuweka kitu."

Wote wawili walisema kweli.

Kilichojaribiwa

Kwanza wakachomoa SSD, wakaitia kwenye kasha la USB, wakaichomeka kwenye kompyuta ya mhasibu. Ikaonekana, na kufuli juu yake, ikadai tarakimu zile zile. Programu ya kufufua faili ilipitishwa usiku kucha ikarudi mikono mitupu, kwa kuwa programu hizo hutafuta alama za mwanzo wa faili za PDF au Excel, na kwenye diski iliyosimbwa alama hizo hazionekani.

Kisha kukaja wazo la kunakili chipu ya BIOS ya bodi ya zamani kwa programa ya CH341A, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, na kuiandika kwenye bodi mpya. Bahati hawakulifanya. PTT huhifadhi siri zake kwenye chipu hiyo, ni kweli, lakini zimesimbwa kwa ufunguo uliochomwa ndani ya chipu kuu ya Intel, na hazihami na nakala. Ubaya mkubwa uko upande wa pili. Fundi wengi wakipata bodi isiyowaka huanza kwa kuiandikia BIOS safi iliyopakuliwa mtandaoni, na usafi huo hufuta hifadhi ya PTT. Bodi inafufuka, ufunguo unakufa.

Hatari ya tatu ilikuwa karibu zaidi kuliko walivyojua. Mtu mmoja alipendekeza Windows iingizwe upya "bila kufuta faili". Kwa diski iliyofungwa hilo haliwezekani. Kinachowezekana ni kuifomati, na kuifomati kunafuta maelezo yanayobeba ufunguo uliofungwa. Baada ya hapo hata ukiletewa tarakimu 48 mkononi huna pa kuziingizia.

Zikabaki barabara mbili: akaunti iliyobeba namba, au bodi ya zamani.

Mwenye ofisi alifungua aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yake mwenyewe. Ukurasa ulikuwa mtupu, maana hajawahi kuingia nayo kwenye mashine ile. Ikambidi arudi kwa muuzaji. Muuzaji hakukataa, alikumbuka hata barua pepe aliyokuwa akiitumia. Lakini namba ya simu ya kupokelea msimbo wa kuthibitisha ilikuwa ya laini iliyokufa. Ukiomba kubadilisha taarifa zote za usalama za akaunti ya Microsoft, unawekwa kusubiri siku 30. Na hilo pia ni kufuli la haki: limewekwa ili aliyeiba simu yako asikupokonye akaunti kwa dakika tano.

Siku 30 kwa ofisi ya forodha si muda mfupi. Siku za bure za bandarini zikiisha, gharama za kuhifadhi kontena zinahesabiwa kwa siku, na za kampuni ya meli zinakwenda kando yake. Kwa upande huo hawakuumia kama walivyoogopa, na inafaa kutaja kwa nini. Maingizo ya forodha yalikuwa kwenye mfumo wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), vibali kwenye mfumo wa KenTrade (wakala wa serikali wa vibali vya biashara), bili za shehena kwenye barua pepe, ankara nyingi kwenye WhatsApp. Kilichokuwa kwenye diski peke yake ni kitabu cha Excel cha amana za wateja, yaani nani ametanguliza kiasi gani na kimetumika wapi, pamoja na skani za barua zilizotiwa sahihi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Hiyo Excel haikuwa na nakala popote.

Bodi ilivyorudi

Ilipatikana kwenye banda lingine, chipu ya chaji imeshang'olewa, mengine yako. Kazi iliyofuata haikuwa ya kuifufua bodi maisha. Ilikuwa ya kuipa saa moja ya uhai. Hiyo inabadilisha mpangilio wa kazi.

Chipu ya BIOS haikuguswa. Eneo la tundu na njia ya chaji lilisuguliwa kwa brashi na pombe ya isopropili. MOSFET iliyoungua ikatolewa, kisha njia ikalishwa kutoka kwenye pawa ya mezani kwa volti ndogo na mkondo uliowekewa kikomo, kutafuta kinachopata joto. Kapasita moja ndogo ya kauri ikajionyesha. Ikatolewa pia bila kubadilishwa, maana ilikuwa moja kati ya kadhaa zilizopangwa sambamba na bodi inavumilia kupungukiwa nayo kwa muda. MOSFET na chipu ya chaji zikachomelewa kutoka bodi nyingine ya modeli hiyo hiyo.

Bodi ikawaka, na skrini ya buluu ikaja tena. Hapa wengi hukata tamaa, na wamekaribia kabisa. Bodi ilikuwa imekaa bila betri na mipangilio ya BIOS ikarudi ya mwanzo, Secure Boot ikiwa imezimwa. Kipimo hakikulingana. Fundi akaingia BIOS, akahakikisha hali ya kuwasha ni UEFI, PTT imewashwa, akaiwasha Secure Boot, akahifadhi. Hakuandika tarakimu hata moja. Windows ikafunguka kama iliyolala jana.

Kitu cha kwanza kilichofanywa ni kunakili faili kwenye diski ya nje. Cha pili, kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

manage-bde -protectors -get C:

Tarakimu 48 zikaonekana pale pale, zikapigwa picha na kuandikwa kwenye karatasi. Ndipo SSD ikarudishwa kwenye bodi mpya, zikaingizwa, na kifungo cha TPM ya zamani kikabadilishwa kwa amri mbili ili mashine isiulize kila asubuhi:

manage-bde -protectors -delete C: -type TPM
manage-bde -protectors -add C: -tpm

Baada ya hapo

Sehemu inayotushughulisha zaidi ni iliyofuata. Ofisi ilimwambia fundi azichukue kompyuta zote tatu "azitoe hayo mambo". Akafanya alivyoombwa: manage-bde -off C: kwenye zote, Secure Boot imezimwa, masasisho yamesimamishwa, na nywila kwenye moja imeondolewa kwa kuwa mhasibu alichoka. Ofisi ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa na ulinzi mzuri bila kuujua, ikabaki haina wowote. Laptopu ile ile husafirishwa kwa feri ya Likoni na matatu za jioni ikiwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA za wateja. Ofisi inabeba wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na siku hizo mwenye kuiokota angehitaji bisibisi tu.

Ni rahisi kumlaumu fundi. Sisi hatumlaumu sana. Kila wiki anamwona mtu aliyepoteza data kwa sababu ya usimbaji. Aliyeokolewa na usimbaji hamwoni kamwe, maana laptopu iliyoibwa hailetwi kwake na mwenyewe. Kwa hesabu ya meza yake, kufuli hili lina hasara peke yake, na mazoea ya ufundi wa mji mzima hujengwa kwenye hesabu kama hiyo.

Na si meza za Mombasa tu. Masasisho ya Windows ya Julai 2024 yalisukuma baadhi ya mashine kwenye skrini ile ile ya buluu, na Microsoft ikarekebisha Agosti. Tarehe 19 Julai mwaka huo, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Dawa ilikuwa kufuta faili moja, lakini kwenye mashine zilizosimbwa ilibidi kwanza mtu aandike tarakimu 48 kwa mkono, mashine kwa mashine. Vyeti vya Secure Boot vya 2011 navyo vilipangiwa kuanza kuisha muda Juni 2026, na kuvibadilisha kunagusa kitu kile kile ambacho TPM hupima.

Kuna jambo la muuzaji pia. Akaunti yake ya duka ina funguo za mashine nyingi za watu wasiojua, na laini yake imekufa. Yeye hakuomba kuwa mtunza funguo. Akiipata tena akaunti, kazi ya kwanza ni kuwapigia wanunuzi, sio kuifuta.

Kwa anayenunua, ukaguzi huchukua dakika mbili ukiwa bado dukani: manage-bde -status C:. Ikionyesha diski imesimbwa na ulinzi umewaka, itoe namba kwa amri ya -protectors -get hapo hapo na uichapishe. Karatasi isikae kwenye mfuko wa laptopu. Ikionyesha imesimbwa lakini ulinzi umezimwa, mashine inasubiri akaunti ya kwanza ya Microsoft, na inafaa iwe yako. Muuzaji anayetaka kujitoa katika mambo haya anaweza kutengeneza flashi kwa Rufus, programu ya kazi hiyo, ambayo ina chaguo la kuzuia usimbaji wa moja kwa moja na kuanza na akaunti ya ndani. Amwambie mteja auwashe mwenyewe nyumbani, kwa akaunti yake.

Fundi akiletewa mashine inayowaka, aandike manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0 kabla ya kugusa BIOS au bodi, na akimaliza -enable. Isiyowaka, aulize namba ziko kwa nani kabla ya kushika bisibisi. Jibu likiwa "namba gani?", bodi inatengenezwa, haibadilishwi.

Katika kisa hiki bodi ya zamani ilirudi kwa fundi, punguzo likalipwa kama walivyokubaliana. Usimbaji umewashwa upya kwenye laptopu inayovuka feri. Kompyuta mbili za mezani bado ziko wazi.